Maji Yanayoshuka Kabatini

Wageni wanaoingia sebuleni kwa mwalimu huyu wa kemia, mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam, huenda moja kwa moja kwenye kioo. Nyuma ya kioo hicho samaki wengi wenye vichwa vya bluu wanakwangua mawe kutwa nzima, wakifukuzana na kurudiana. Mwalimu huwaacha watazame, kisha huinama na kufungua milango ya kabati lililobeba tangi. Humo ndimo anamotaka waangalie. Kuna tangi la pili, dogo kuliko la juu, lililogawanywa vyumba kwa vipande vya kioo. Maji yanashuka kwa bomba na kuingia upande mmoja yakiwa na uchafu, yanapita chumba hadi chumba, na upande wa pili pampu inayasukuma kurudi juu. Wafugaji wa samaki wa mapambo huliita sampu.

Ukimuuliza kwa nini mtu ajisumbue na matangi mawili ilhali madukani kuna vichujio vidogo vya kuning'iniza ukingoni mwa kioo, jibu lake huanzia Kigoma.

Alizaliwa Ujiji. Utotoni, yeye na wenzake walikuwa wakishuka kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, wanaingiza vichwa majini na kufumbua macho. Maji ya pale ni maangavu, na penye mawe samaki ni tele. Wavuvi walitafuta dagaa, migebuka na kuhe. Samaki wadogo wa miambani hawakuwa na bei sokoni, kwa hiyo walibaki kuwa wa watoto: kila mmoja alikuwa na jiwe lake na samaki wake aliyemjua kwa rangi na kwa ukali. Mmoja alimvutia mwalimu kuliko wote. Akiwa mchanga ni mweusi mwenye vitone vyeupe mwili mzima. Akikua vitone hupotea, kichwa hugeuka bluu na mwili huzungukwa na mkanda mweupe au wa manjano. Wanasayansi humwita Tropheus duboisi.

Alipokuwa chuoni alikutana na samaki huyo tena, safari hii kitabuni. Kumbe palikuwa na Mbelgiji, Pierre Brichard, aliyeishi Bujumbura na kusafirisha samaki hai wa ziwa lile kwenda ng'ambo katika miaka ya 1970. Kitabu chake kuhusu samaki wa Tanganyika kilitoka mwaka 1978, na miaka minne kabla ya hapo mwanasayansi Max Poll alikuwa amempa samaki mmoja jina la Brichard, Neolamprologus brichardi. Kijana wa Ujiji akatambua kwamba samaki wa jiwe lake la utotoni walikuwa na wapenzi Ujerumani na Marekani, na kwamba wapenzi hao walijua mengi kuhusu maji ya kwao kuliko yeye. Nia ikamwingia. Siku akiwa na nyumba yake, atawafuga.

Kikwazo hakikuwa samaki. Kikwazo kilikuwa maji.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na limegawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Maji yake ni magumu, yenye madini mengi yaliyoyeyuka, na pH yake ya juu juu hucheza karibu na 9. Kwa mtu wa kemia, namba hiyo peke yake ni onyo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula na kinyesi yakioza hutoa amonia zaidi. Ndani ya maji amonia hukaa kwa sura mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na ioni ya amoniamu, ambayo haina madhara makubwa. Kinachoamua mgawanyo wa sura hizo ni pH na joto. Katika nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Ikipanda hadi 8 sehemu hiyo hufika karibu asilimia 5. Kwenye 9 inazidi theluthi moja.

Maana yake ni nzito. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa mto wenye maji laini angekivumilia kinaweza kumuua samaki wa Tanganyika kabla jua halijazama. Ziwani hatari hii haipo, kwa kuwa maji ni mengi kupita kiasi na samaki, ukilinganisha nayo, ni wachache. Sebuleni hesabu inageuka: samaki wengi, maji kidogo. Ndiyo sababu mwalimu husema kwamba anayefuga samaki wa ziwa hili anafuga kwanza chujio, samaki wanafuata.

Hakuanza na sampu. Tangi lake la kwanza lilikuwa dogo, lenye mchanga na makombe matupu ya konokono, makazi ya Neolamprologus multifasciatus, samaki asiyefika sentimeta 5 ambaye huishi na kuzaa ndani ya kombe. Humo kipande cha sponji na pampu ndogo ya hewa vilitosha kabisa, na mpaka leo hamshauri mtu mwenye tangi la namna hiyo ajenge sampu. Lakini Tropheus ni habari nyingine. Ni wakali wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo hufugwa wengi pamoja ili ukali ugawanyike na asionewe mmoja. Ni walaji wa mwani wenye utumbo mrefu, wanakula saa zote na kunya saa zote. Tena wanataka oksijeni nyingi. Wingi, uchafu na hewa: mambo hayo matatu kwa pamoja ndiyo yaliyompeleka kwenye tangi la pili.

Historia nayo ilimpa moyo, hasa alipoona kwamba waliotangulia wengi walikuwa watu wa maabara. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliandika jinsi alivyoweka samaki, mimea ya maji na konokono katika chombo kimoja cha kioo na kuona vinategemeana. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya Regent's Park, hapo hapo London, ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote. Mwishoni mwa karne hiyo wahandisi wa Uingereza walianza kusafisha majitaka ya miji kwa kuyanyunyizia juu ya malundo ya mawe, yakashuka taratibu huku yakipigwa na hewa, na utando wa vijidudu juu ya mawe ukafanya kazi ya kuyasafisha. Wafugaji wa samaki wa Ulaya waliichukua mbinu hiyo ya maji kudondoka juu ya mawe na hewa kupita katikati. Mwaka 1986 mfululizo wa makala za George Smit katika jarida la Freshwater and Marine Aquarium uliisambaza Marekani, na sampu ikaanza kuwa kifaa cha nyumbani.

Wanaofanya kazi humo ni vijidudu. Vitabu ambavyo mwalimu alifundishia vilitaja Nitrosomonas wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na Nitrobacter wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, hadithi inayotokana na kazi ya Mrusi Sergei Winogradsky katika miaka ya 1890. Alipoanza kusoma kwa ajili ya tangi lake, mwalimu alikuta hadithi imekua. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika matangi ya samaki wa maji baridi kazi ya nitriti hufanywa zaidi na Nitrospira kuliko Nitrobacter. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walipima vichujio vya matangi ya samaki na kukuta kwamba katika vingi, wanaoshika amonia si bakteria bali ni akea, kundi jingine kabisa la viumbe. Na mwaka 2015 Waholanzi waliochunguza chujio la mfumo wa kufugia samaki walitangaza Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, jambo lililodhaniwa kwa zaidi ya miaka 100 kuwa halipo. Wanafunzi wake huvutiwa sana na sehemu hii. Ugunduzi uliosahihisha vitabu vya dunia ulitoka kwenye chujio la samaki, ndugu wa lile lililomo kabatini.

Ujenzi ulianza kwenye karatasi, na hapo ndipo mwalimu alipotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Tangi la juu lilikuwa na urefu wa sentimeta 120, upana 50 na kimo 50. Maji yangejazwa hadi sentimeta 46, yaani karibu lita 276. Sampu ilikuwa sentimeta 80 kwa 40 kwa 40. Jumla ya maji ilikaribia kilo 350. Ukiongeza vioo na mawe, kabati lilipaswa kubeba karibu nusu tani. Akamwendea fundi wa kuchomelea kwa ajili ya fremu ya chuma, na siku ya kuiweka, pima maji ikawekwa kila upande mpaka fremu ilipokaa sawa.

Kioo kilitobolewa kabla ya kuunganishwa kwa silikoni. Mwalimu alihakikisha kwanza kwamba si kioo cha usalama, kwa kuwa hicho kikiguswa na drili hupasuka chote vipande vipande. Kwenye pembe moja ya tangi ukajengwa mnara mwembamba wa kioo wenye meno juu. Maji ya juu kabisa, yale yenye utando na vumbi, humwagika kupitia meno hayo, na samaki mkubwa hawezi kupita. Ndani ya mnara yamesimama mabomba mawili ya kushusha maji, kila moja la inchi moja na nusu. Moja hufanya kazi kila siku. La pili mdomo wake uko juu kidogo, halipati maji mpaka la kwanza lizibe.

Kisha likaja swali ambalo kwake ndilo roho ya sampu nzima: umeme ukikatika, maji yatakwenda wapi?

Watu wengi huchora sampu ikiwa inafanya kazi. Mwalimu aliichora ikiwa imesimama. Tangi lake lina eneo la sentimeta 6,000 za mraba, kwa hiyo kila sentimeta moja ya kimo ni lita 6. Bomba la kurudisha maji lilipangwa kuishia sentimeta 12 chini ya uso wa maji ili lipeleke mkondo kwenye mawe. Pampu ikizimika, bomba hilo hilo hugeuka mrija wa kunyonya: maji hurudi nyuma kupitia pampu na kushuka kwenye sampu mpaka mdomo wa bomba uchungulie hewani. Sentimeta 12 ni lita 72. Sampu, maji yake yakiwa kwenye sentimeta 22, ilikuwa na nafasi ya lita 57 tu. Lita 15 zingeishia kwenye zulia, na samaki wangebaki juu bila robo ya maji yao.

Dawa yake ni tundu la milimita 5 kwenye bomba la kurudisha, sentimeta moja tu chini ya uso wa maji. Maji yakishuka kidogo tundu huvuta hewa, mnyonyo hukatika, na kila kitu husimama. Fundi bomba, kijana mwenye mikono myepesi, alikuwa na njia yake.

"Mwalimu, si tuweke valvu ya njia moja tu, yaishe?"

"Valvu siikatai, mdogo wangu. Lakini konokono mmoja akikwama katikati, haifungi tena. Na sitajua kama haifungi mpaka siku maji yako sakafuni."

"Na tundu likiziba?"

"Tutatoboa mawili. Na nitayaona kila siku kama yanarusha maji."

Wakatoboa mawili. Pampu ilipowashwa, kila tundu lilirusha mchirizi mwembamba ulioinama ndani ya maji, na fundi, kwa mazoea ya kazi yake, akanyoosha mkono kutaka kuuziba. Mwalimu akamzuia, akamwomba achomoe plagi. Mlio wa maji ukapungua, mnara ukaacha kumwagika, kisha kwenye bomba ikasikika sauti fupi ya hewa kufyonzwa. Wote wawili wakainama kabatini na futi kamba. Maji ya sampu yalikuwa yamepanda chini ya sentimeta 4, yaani pungufu ya lita 13. Wakawasha, wakachomoa tena, wakawasha, wakachomoa, mpaka fundi mwenyewe akaanza kutabiri mstari ambao maji yangefikia. Hapakuwa na samaki hata mmoja ndani. Mwalimu anaamini kwamba saa hiyo, matangi yakiwa na maji matupu, ndiyo yenye thamani kuliko zote katika maisha ya sampu, na huwasihi wanaojenga wasiiruke.

Hesabu ya pili ilikuwa kinyume cha ya kwanza: je, bomba la kushusha likiziba huku pampu ikiendelea? Chumba cha pampu kina eneo la sentimeta 25 kwa 40, kwa hiyo maji yake ni kama lita 22, na pampu haiwezi kuzivuta sentimeta 3 za chini. Zinabaki lita 19. Tangi la juu lina nafasi ya sentimeta 4 mpaka ukingoni, yaani lita 24. Hata mabomba yote mawili yakiziba, pampu itaishiwa maji kabla tangi halijafurika. Chumba cha pampu kilifanywa kidogo kwa sababu hiyo hasa.

Vyumba vingine vilijazwa kwa mpangilio rahisi. Maji yanaposhuka hukutana kwanza na kitambaa cha kuchuja kinachokamata uchafu unaoonekana. Yanapita kwenye trei yenye matundu, yanadondoka juu ya madodoki ya plastiki ya kuoshea vyombo, yaliyochaguliwa kwa kuwa ni mapya, hayana sabuni na yana nyuzi nyingi za vijidudu kushika. Chini yake kuna mawe mepesi ya volkano yenye vinyweleo, yaliyozama. Chumba kinachofuata kina mmea wa maji usio na mizizi, Ceratophyllum, unaomulikwa taa usiku, wakati taa ya juu imezimwa. Mmea hunyonya nitrati na, kwa kukua usiku, hutumia kaboni dioksidi inayorundikana gizani. pH haichezi sana kati ya jioni na asubuhi.

Nguvu ya pampu mwalimu hakuiamini kwa kusoma boksi. Boksi lilisema lita 3,000 kwa saa, lakini kipimo hicho ni cha maji yasiyopandishwa popote. Kutoka kabatini hadi juu, kupitia kona za bomba, nguvu hupungua. Akachukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu: ndoo ilijaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 1,800 kwa saa, yaani maji ya tangi hupita kwenye chujio zaidi ya mara sita kila saa. Kwa Tropheus inafaa.

Baada ya hapo alisubiri. Vijidudu vya amonia huzaliana polepole. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika kwa dakika kadhaa, hawa huhitaji saa nyingi, wakati mwingine siku. Kwa wiki kadhaa tangi lilikuwa na mawe na maji tu, na mwalimu akilisha amonia kwa vipimo vidogo na kuandika daftarini. Amonia ilipanda, ikaanza kushuka. Nitriti ikapanda, ikakaa juu kwa muda uliowachosha watoto wake waliokuwa wakiuliza samaki watakuja lini. Kisha nayo ikashuka hadi sifuri, na nitrati ikabaki peke yake. Sikukuu ya nyumba hiyo ilikuwa siku rangi ya nitriti ilipogoma kutokea kwenye kichupa. Samaki wakaja baadaye, wachanga, weusi wenye vitone.

Daftari hilo lilimfundisha jambo ambalo wafugaji wengi hulikuta kwa maumivu. Vijidudu wanapogeuza amonia hutumia oksijeni, zaidi ya gramu 4 kwa kila gramu moja ya naitrojeni, na pia hula alkali ya maji: kila gramu ya naitrojeni humaliza alkali inayolingana na gramu 7 hivi za kalsiamu kaboneti. Kadiri chujio linavyofanya kazi vizuri, ndivyo linavyoyasogeza maji kuelekea asidi. Kwa samaki wa maji ya pH 9 huko ni kuondolewa kwao taratibu. Kwa hiyo kila anapobadilisha maji, robo ya tangi kwa wiki, huyaacha kwanza maji ya bomba kwenye pipa yakipigwa hewa ili klorini itoke, kisha huongeza bikaboneti ya soda na chumvi ya magnesiamu, akipima kwanza na kupima tena.

Faida nyingine aliigundua kwa kutazama tu. Maji yanayokauka hayapungui popote isipokuwa kwenye chumba cha pampu, kwa kuwa vyumba vingine hushikiliwa na vioo vyake. Eneo la chumba hicho ni sentimeta 1,000 za mraba, hivyo sentimeta moja ni lita moja kamili. Akachora mistari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo. Mtoto wake wa mwisho ndiye mwenye kazi ya kusoma mstari kila asubuhi na kumimina kilichopungua, lita mbili au tatu wakati wa joto. Hilo ni la lazima: chumba kikikauka, pampu huvuta hewa na kuungua.

Joto lenyewe ni mtihani wa Dar es Salaam. Mwezi Februari maji ya ndani ya nyumba hukaribia nyuzi 30, ilhali kwa samaki wa Tanganyika 24 hadi 27 ndiyo raha yao. Maji ya moto hushika hewa kidogo: kwenye nyuzi 26 kikomo cha oksijeni ni kama miligramu 8.1 kwa lita, kwenye 30 ni 7.5. Mwalimu alifunga feni ndogo ya kompyuta ipulize juu ya sampu, na mvuke unaotoka ukashusha joto kwa nyuzi mbili hivi. Mistari ya kioo ilianza kushuka haraka zaidi, lakini samaki wakatulia.

Mtihani mkubwa ulifika katika msimu huo huo wa joto, umeme ulipokatika jioni na kutorudi mpaka kesho yake. Sampu ilifanya kama ilivyochorwa: tundu likavuta hewa, maji yakapanda sentimeta zake na kusimama, sakafu ikabaki kavu. Kilichobaki kilikuwa hewa. Bila maji kudondoka, oksijeni ya tangi hupungua saa kwa saa, na Tropheus ni wa kwanza kuonyesha: waliacha mawe, wakapanda juu na kupumua haraka midomo ikiwa karibu na uso wa maji. Familia ilichukua zamu na jagi, kuchota na kumimina kutoka juu, mpaka pampu ya hewa ya betri ilipopatikana kwa jirani mvuvi anayeitumia kutunzia chambo hai.

Asubuhi samaki wote walikuwa hai, na mwalimu akakaa chini kupiga hesabu. Pampu ya maji hula wati 40. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, hutoa wati-saa 600. Kupitia inveta, pampu ingekwenda kama saa 13 tu. Pampu ya hewa ya wati 5 ingeendeshwa na betri hiyo hiyo siku nne, hata tano. Tangu hapo hajaribu kuuweka mfumo mzima hai umeme unapokatika. Huwasha hewa, jiwe moja la hewa kwenye tangi la juu, jingine kwenye chumba cha mawe ili vijidudu visikose pumzi, na hawapi samaki chakula mpaka umeme urudi. Madodoki yaliyo chini ya trei, yakiwa na unyevu na hewa, hustahimili mkatiko kuliko chujio la kopo lililofungwa, ambamo oksijeni huisha ndani ya saa chache na umeme ukirudi hutapika maji ya uvundo ndani ya tangi.

Gharama hazifichi. Pampu ya wati 40 inayokesha hula karibu uniti moja ya umeme wa LUKU kwa siku, takriban 29 kwa mwezi, hata usipohesabu taa. Mlio wa maji ulihitaji kutulizwa kwa kitundu cha hewa juu ya bomba la kushusha ili liache kugugumia. Na kazi ya kitambaa cha kuchuja haikwepeki: kisipofuliwa kila baada ya siku chache, uchafu uliokamatwa huozea humo humo na kurudi kuwa amonia.

Lakini kuna mambo ambayo chujio la kuning'iniza lisingempa. Tropheus jike hubeba mayai na watoto mdomoni kwa kama wiki nne, na mayai yenyewe ni machache na makubwa. Siku moja mtoto wake, akisoma mistari, aliita kwa sauti kwamba kuna samaki kwenye chumba cha mmea. Kachanga kamoja, keusi, kenye vitone, kalikuwa kamepita kwenye meno ya mnara na kushuka na maji, kakakaa kati ya majani kakila mwani. Mwalimu anasimulia tukio hilo kwa furaha isiyofichika: kiumbe wa miamba ya Kigoma, kazaliwa Tabata, amejipatia malisho ndani ya chujio. Tangu hapo chumba cha mmea hakisafishwi bila kuchunguliwa kwanza kwa tochi.

Mwaka huu mwanafunzi wake wa zamani, sasa fundi umeme, alimletea mchoro. Ana nafasi ya tangi la sentimeta 150 kwa 50 kwa 50, na alitaka sampu ya 60 kwa 35 kwa 35 kwa kuwa kioo hicho tayari anacho. Mwalimu akampa kalamu. Kila sentimeta ya tangi hilo ni lita saba na nusu. Sampu aliyoichora, maji yakiwa sentimeta 25, ina nafasi ya lita 21. Tangi likishuka sentimeta 3 tu, maji yako nje. Kijana akafuta, akapiga hesabu upya mezani pale pale, akaondoka na sampu ya 100 kwa 40 kwa 40 yenye nafasi ya lita 72, matundu mawili kwenye bomba la kurudisha, na orodha ya ununuzi inayoanza na fremu ya chuma na pampu ya hewa ya betri. Samaki wameandikwa ukurasa wa pili.